Hesabu ya Maji ya Songo Mnara

Sogea karibu kidogo, msikilizaji wangu, maana siwezi kukupeleka Songo Mnara kabla sijakueleza maji. Nilifundisha historia kwa miaka mingi, Lindi kwanza kisha Kilwa Masoko, na kazi ile iliniachia tabia ya kuanza mbali. Usihofu. Si mambo magumu, na mtoto wa darasa la tatu huyaelewa akielezwa polepole.

Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku huchelewa kidogo kuliko jana, kadiri ya robo tatu ya saa. Yanafuata mwezi. Kwa hiyo mtu wa pwani akitaka kujua leo maji yatajaa saa ngapi, huuliza kwanza leo ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Siku ya nne, kwa mfano, asubuhi yanajaa kama saa kumi na mbili na nusu. Siku ya tano ni saa moja na robo. Ukikosea siku moja, umekosea robo tatu ya saa. Ni muda mdogo ukiwa barazani unakunywa kahawa. Penye kina kifupi ni muda mrefu.

Songo Mnara ni kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani. Humo umo mji wa mawe ulioachwa na wenyewe karne kama tano zilizopita: nyumba za matumbawe, misikiti, makaburi, ukuta ulioanguka hapa na kusimama pale. Kuufikia unaacha bahari ya wazi na kuingia katika mkono wa maji unaopita katikati ya mikoko. Wenyeji huuita mto, ingawa maji yake ni ya chumvi. Maji yakijaa, boti inapita hadi karibu na njia ya magofu. Yakipwa, mto wote unabaki tope na kaa.

Sasa nikueleze kuhusu mwanafunzi wangu, kwa sababu safari ile ilikuwa yake.

Hakuwa mtoto. Alikuwa mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kitomanga, kwa watu wa mihogo na ufuta, aliyeolewa Masoko. Alikuja barazani kwangu akiniomba nimfundishe habari za magofu, kwa kuwa alitaka kuwa mwongoza wageni. Kila Jumamosi kwa miezi minane alikuja akakaa mkekani. Hakupenda kukariri. Nikimtajia ukumbi, aliuliza mlango wake ulitazama wapi, na maji ya kunawa yaliwekwa upande gani. Baada ya muda nikagundua kwamba anaisoma nyumba kama mtu anayetarajia kuhamia. Sikuwahi kumfundisha hivyo mtu yeyote, na sidhani kama ningeweza.

Waongoza wageni wa Masoko wana kikundi chao, na wakati huo wote walikuwa wanaume. Hawakumkatalia, ila walimtania. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Shemeji, sisi tuoneshe shamba la ufuta. Bahari tuachie wenyewe."

Naye akamjibu bila kuacha kufunga kitenge, "Bahari ni yenu, shemeji, nakubali. Sasa mbona kila nikipita uko barazani?"

Walicheka, na mwenyekiti wao akacheka zaidi ya wote. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa kanuni. Anayetaka kitambulisho cha kikundi huongoza safari tatu, akiwa na msimamizi wa kumwandikia taarifa, na katika kila safari lazima awarudishe wageni kwa saa aliyowaahidi. Kanuni hiyo ya saa ilikuwa na sababu: mwongozaji mmoja aliwahi kukwama na wageni hadi wakalia, na habari zikasambaa hadi hotelini. Bila kitambulisho, hoteli hazimpi mtu wageni. Mwanafunzi wangu alikwisha kuongoza safari mbili za Kilwa Kisiwani, ambako ni kuvuka tu, na zote zilikwenda sawa. Ya tatu ilikuwa Songo Mnara. Akifaulu, kazi anayo. Akishindwa, mwenyekiti alikwisha kusema kwamba hajui kama wenzake watakubali kumjaribu tena.

Msimamizi wa safari ya tatu nilikuwa mimi.

Ilikuwa ni siku chache baada ya Idi. Mwaka ule mtaani kwetu Idi ililiwa siku mbili, jambo ambalo si geni. Kuna nyumba zinazofuata mwezi ukionekana popote duniani, na kuna nyumba zinazongoja uonekane hapa nchini. Kwetu tulifuata wa popote. Tulisali Idi siku moja kabla ya majirani, tukawapelekea sahani ya pilau wakiwa bado wamefunga, wakaifunika hadi magharibi. Kesho yake wao wakatuletea ya kwao. Hakuna aliyegombana. Kila nyumba ikaendelea kuhesabu siku zake.

Wageni walikuwa wauguzi wastaafu watatu kutoka Iringa, wanawake wa umri wangu, waliochangishana kwa muda mrefu ili waione bahari. Mkubwa wao alikuwa na fimbo na maswali mengi. Jioni ya kuamkia safari, mwanafunzi wangu alikuja kuniuliza saa za kuwaahidi. Nilihesabu kwa vidole: kesho ni siku ya tano, maji yanajaa saa moja na robo, boti itakuwa na kina cha kutosha hadi saa tatu na nusu. Waambie mtaondoka magofuni saa tatu na robo, na saa tano mko Masoko. Alinitazama kidogo. Akasema, haya Mwalimu.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Boti ilikuwa ya faiba, yenye mashine moja, na nahodha wake mtu wa makamo, asiyesema sana, ambaye siku zile alikuwa akifunga zile saumu sita za baada ya Ramadhani. Mwanafunzi wangu aliwaamkia wauguzi shikamoo mmoja mmoja, akawavalisha jaketi za kuelea, akahakikisha kila mkanda umebana. Mkubwa wao aliuliza kama boti hurudi nyuma kama gari. Nahodha akamwonesha.

Tulipoanza kuingia mtoni, nahodha aliuliza, kama watu wote wa kazi yake wanavyouliza, "Leo siku ya ngapi?"

Mwanafunzi wangu alinigeukia. Nikasema, "Ya tano."

Nahodha alipunguza mashine, akatazama mbele, kisha akasema, "Haya."

Ndivyo ilivyokuwa, na haikuchukua muda mrefu kuliko nilivyokusimulia. Tulishuka ilipokaribia saa moja. Maji yalionekana yamesimama. Nahodha alimwomba mwanafunzi wangu ruhusa ya kwenda kijijini kuhani, kwa kuwa juzi yake alifariki mzee mmoja wa ukoo wa mkewe, na mtu hawezi kufika kisiwani penye msiba akakaa kwenye boti kama mkimbizi. Alimpa ruhusa. Nahodha akatia nanga, akapandisha suruali, akapita kwenye mikoko.

Kuhusu magofu, nitakueleza kidogo tu, kwa sababu yeye anaeleza vizuri kuliko mimi. Aliwasimamisha wauguzi kwenye uwanja wa nyumba kubwa, penye ngazi za mawe, akawaambia kwamba hapa ndipo mgeni alipongoja. Kisha akapita mlango wa kwanza, akawaita, akawaambia, hapa mmekaribishwa kahawa. Mlango wa pili: hapa mmekuwa ndugu. Katika mlango wa tatu alisimama akaziba njia kwa mkono, akasema kwamba hapa ni chumbani kwa mwenye nyumba, na hata sasa, kama wangemwuliza yeye, wasingeingia. Mkubwa wa wauguzi alisema kwamba wodini nako kuna mlango kama huo. Walikaa hapo muda mrefu wakizungumza juu ya milango. Niliandika kwenye karatasi yangu: anaeleza vizuri, wageni wanasikiliza.

Saa tatu na robo, kwa dakika ileile aliyoahidi, tulikuwa njiani kurudi botini. Tulipotoka kwenye mikoko tuliikuta boti imelala ubavu juu ya tope. Maji yalikuwa yamebaki mfereji mwembamba katikati ya mto, mbali kadiri ya hatua thelathini.

Nahodha alikuwa amekwisha kufika, amechuchumaa kwenye mzizi. Alimwamkia tena mkubwa wa wauguzi, kisha akamwambia mwanafunzi wangu kwa sauti ya chini kwamba boti haitainuka kabla ya saa kumi na nusu alasiri. Kuisukuma kwa watu sita haiwezekani, tope lina kina cha paja. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Leo siku ya nne."

Ndipo nilipozihesabu Idi mbili za mtaani kwetu, nikaelewa.

Nilimwuliza mbona hakusema asubuhi. Alisugua tope kwenye kisigino, akanijibu, "Nilijua ni ya nne. Lakini Mwalimu akishasema ya tano, nikadhani mimi ndiye niliyepoteza siku. Na saumu nayo."

Nikamgeukia mwanafunzi wangu kumtaka radhi. Yeye hakunitazama. Alikuwa akiwahesabu wageni kwa macho, maji ya kunywa yaliyobaki, na kivuli. Nyumba ya mumewe ilikula Idi siku ya pili, pamoja na nyumba ya nahodha. Kwa hiyo naye alijua.

Wauguzi walielezwa. Aliwaambia wazi, bila kuzunguka: tumekosea saa, kosa ni letu, tutafika Masoko magharibi badala ya saa tano, hakuna hatari yoyote, nisameheni. Mmoja wao alikaa juu ya jiwe. Mkubwa aliuliza kama hapo kuna choo. Kisha mwanafunzi wangu alitafuta mahali simu inaposhika, akampigia mwenyekiti akamwambia vilevile. Nilisikia upande wake tu. Alisema, ndiyo. Akasema, hapana, mimi. Akasema, tutachelewa kwa saa saba. Alipokata simu akaifuta kwa kitenge, ingawa haikuwa na tope.

Mtu mwingine angewaacha wageni kivulini wasubiri. Yeye aliwauliza kama wangependa kwenda msibani, kwa kuwa sasa tutakaa kisiwani kutwa, na kukaa kutwa bila kwenda kuhani ni jambo ambalo wenyeji watalisema mwaka mzima. Niliona hatari ya jambo hilo, na kama msimamizi ningeweza kulizuia. Wageni wamelipia magofu, hawakulipia kilio cha watu. Lakini wauguzi walikubali kabla hajamaliza. Mkubwa alisema kwamba katika maisha yake ameona wengi wakifa na wachache wakilaumiwa kwa kuja kutoa pole.

Tulikwenda. Aliwafundisha njiani la kusema, na jinsi ya kujifunga vitenge kichwani, na kwamba wasishangae watu wakicheka, maana siku ya tatu ya matanga si siku ya kwanza. Walipokelewa. Wafiwa walikuwa wanawake zaidi, wamekaa mikekani, na mjane aliposikia kwamba hawa ni wauguzi kutoka Iringa waliokwama na maji, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kama tulivyoambiwa na binti yake. Tulikula wali na maharage ya nazi kwenye sinia. Baada ya chakula wauguzi walikataa kukaa, wakachukua masufuria wakaenda kusugua pamoja na wenyeji nyuma ya jiko. Mjane alimwita mkubwa wao, wakazungumza peke yao juu ya mguu uliovimba. Sijui walisemezana nini. Nahodha alilala chini ya paa la msikiti.

Mimi nilikaa na karatasi yangu. Nilikwisha kuandika: kosa la saa ni la msimamizi, aliyempa mwongozaji hesabu isiyo sahihi. Nilidhani hiyo ndiyo haki, na kwamba itamwokoa mwanafunzi wangu. Alipokuja kuniletea maji nikamsomea.

Alisoma mwenyewe mara ya pili. Kisha akasema, "Mwalimu, usiandike hivyo."

Nikamwambia kwamba ni kweli.

"Ni kweli, lakini ukiandika hivyo watasema yule mama hajui kitu, anasema anachopewa. Andika kwamba nilijua ni siku ya nne na sikusema. Nilikuheshimu mahali ambapo sikutakiwa kukuheshimu."

Nilimweleza kwamba kosa la kunyamaza litaonekana kubwa kuliko la kutojua, na kwamba kwa maneno hayo anaweza kukosa kitambulisho. Alisema anajua. Akachukua kikombe, akarudi kwa wageni wake.

Niliandika yote mawili. Niliandika nilichokosea mimi, na nikaandika alichoniambia, kwa maneno yake.

Boti iliinuka muda uleule aliosema nahodha. Tulifika Masoko jua likiwa linakaribia kuzama, na mwenyekiti alikuwa gatini ameketi juu ya kreti la soda. Aliwapa wauguzi mkono wa kushuka, akawapa pole, kisha akawapa kitabu cha maoni ya wageni, kama kanuni inavyotaka. Mkubwa aliandika kwa muda mrefu, akiegemea fimbo. Mwenyekiti alisoma kwanza kitabu, halafu taarifa yangu. Hakukuwa na hata mstari mmoja wa malalamiko kitabuni, lakini pia magofu yalitajwa mara moja tu.

Aliniuliza, "Mwalimu, ulihesabu mwezi wa nani?"

Nikamwambia, wa nyumbani kwangu.

Akacheka kidogo kwa pua. Kisha akamgeukia mwanafunzi wangu. Alimwambia kwamba asiyejua hufundishwa, ila anayejua akanyamaza huyo humpa tabu, kwa sababu siku nyingine atanyamaza penye mawimbi. Akamwambia safari ya leo haihesabiki. Alimsubiri aseme kitu. Yeye akasema, "Ni sawa, mwenyekiti. Naomba ya nne." Na akaongeza kwamba msimamizi asiwe Mwalimu.

Nilikuwa nimesimama hapohapo. Lilikuwa ombi la haki, na sikulichukua vibaya, ingawa usiku ule nililifikiria.

Wanakikundi walibishana siku mbili. Yule shemeji wa ufuta, jambo ambalo sikulitegemea, ndiye aliyesema kwamba yeye mwenyewe amewahi kunyamaza mbele ya baba mkwe wake hadi mtumbwi ukapasuka, hivyo nani kati yao atupe jiwe. Wakampa safari ya nne, mwezi uliofuata, na msimamizi akawa yeye shemeji.

Sikuwemo, kwa hiyo nakupa nilivyosimuliwa na wote wawili, na masimulizi yao yanalingana. Wakiwa wanaingia mtoni, nahodha aliuliza siku ya mwandamo, na shemeji akajibu. Mwanafunzi wangu akamwambia nahodha asogeze boti kwenye mikoko kwanza. Akainama, akalishika shina la mkoko mmoja kwa kiganja, sehemu iliyo juu ya maji. Akasema maji yamekwisha kuanza kupwa, na kwamba saa waliyowaahidi wageni inapungua kwa nusu saa kuanzia sasa, akawageukia wageni akawaambia hivyo. Shemeji alipinga. Naye akamwambia aandike upinzani wake kwenye taarifa. Walirudi Masoko kabla ya saa iliyopunguzwa. Siku hizi kitambulisho anakivaa shingoni, na hoteli humpigia simu moja kwa moja. Barazani kwangu bado anakuja, si kila Jumamosi.

Nilimwuliza shina lile lilimwambia nini, maana katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kulishika. Alinieleza polepole, kama ninavyokueleza wewe sasa, na ni jambo jepesi utakaloliweza hata kama umetoka Mtama na hujawahi kuiona bahari. Ukiingia mtoni Songo Mnara, kabla hujashuka kwenye boti, nyoosha mkono ushike shina la mkoko juu kidogo ya usawa wa maji. Likiwa kavu, maji bado yanajaa. Likiwa limelowa, yanapwa: mwambie nahodha hapohapo, kwa sauti ya kusikika, na urudi botini mapema.